Kukagua Kituo cha Data: Fuata Umeme, Kisha Uukate

Mkulima wa Mwamanyili, wilayani Busega mkoani Simiyu, akilipwa pesa ya pamba kwa simu, hesabu yake haifanyiki Busega. Inafanyika kwenye kompyuta zilizopangwa ndani ya jengo ambalo hajawahi kuliona, pengine Dar es Salaam, pengine Dodoma, pengine nje ya nchi kabisa. Hicho ndicho kituo cha data. Lakini vipo pia vituo vidogo ambavyo hakuna anayeviita kwa jina hilo: chumba kimoja nyuma ya ofisi ya masijala, raki mbili, viyoyozi viwili, UPS inayolia kila jioni. Hospitali inacho, halmashauri inacho, kiwanda cha kuchambua pamba kinacho.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetumwa kukagua chumba cha aina hiyo, au aliyetumwa kukagua kampuni inayotaka kumkodishia nafasi kwenye jengo kubwa. Awe ofisa TEHAMA wa wilaya, mhasibu wa AMCOS, au mganga mfawidhi aliyechoka kuambiwa "mfumo unasumbua". Ukubwa unatofautiana, maswali ni yale yale mawili. Kwa kila uniti ya umeme unayolipia, kiasi gani kinafika kwenye seva? Na TANESCO wakikata sasa hivi, nini kitatokea? Majibu ya maswali haya hayapo kwenye kipeperushi cha muuzaji. Yapo kwenye mita na kwenye swichi kuu.

Hatua ya 1: Andika kinachobebwa kabla ya kugusa chochote

Orodhesha kila seva: inafanya nini, nani anaitegemea, ikizimika saa moja nani anaumia, ikizimika siku nzima nani anaumia. Kituo cha afya kinachoendesha GoTHoMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali, kwenye seva ya ndani kikikosa mfumo, dirisha la dawa linarudi kwenye karatasi na foleni inafika nje. Seva yenye picha za sherehe za Nane Nane ikizimika mpaka Jumatatu, hakuna atakayepiga simu. Hizi mbili hazistahili kulindwa kwa gharama moja, na bila orodha hii utaishia kununua jenereta kubwa kwa ajili ya picha.

Utakutana na seva ambayo hakuna anayejua kazi yake. Kila chumba kinayo. Usiizime kwa hasira. Chomoa waya wake wa mtandao, uache umeme, halafu subiri mwisho wa mwezi upite, kwa sababu zipo ripoti zinazotoka mara moja tu kwa mwezi. Kama hakuna aliyelalamika, nakili vilivyomo kisha izime. Seva iliyokaa bure hula umeme mwingi kuliko watu wanavyodhani. Nyingi, hasa za zamani, hutumia sehemu kubwa ya umeme wake wa kawaida hata zisipofanya kazi yoyote.

Kisha uliza swali ambalo wenye chumba hawalipendi: kuna ulazima gani vitu hivi kuwa hapa? Nchi ina Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, chini ya TTCL. Taasisi za umma nazo ziko chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, hivyo haziamui zenyewe. Ukiwa na taarifa za wagonjwa au wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu popote utakapoziweka. Maoni yangu ni kwamba mengi yaliyomo kwenye vyumba vya wilayani yangehamishwa, na hakuna ambaye angehuzunika. Kinachotakiwa kubaki ni kile ambacho lazima kifanye kazi hata mawasiliano na Dar yakikatika: dirisha la dawa, maabara, malipo ya papo kwa papo. Hicho ndicho utakachokikagua kwa makini.

Hatua ya 2: Pima umeme kwa wiki nzima

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wakaguzi wengi wanaporuka.

Kipimo kinachotumika dunia nzima kinaitwa PUE. Kililetwa na muungano wa kampuni uitwao The Green Grid mwaka 2007, na mwaka 2016 kikaingizwa kwenye viwango vya kimataifa kama ISO/IEC 30134-2. Hesabu yake ni ya darasa la nne: chukua umeme wote ulioingia, gawanya kwa umeme uliofika kwenye mashine za TEHAMA zenyewe. Ukipata 2, ujue kwa kila uniti moja inayofanya kazi, nyingine nzima imekwenda kwenye viyoyozi, taa na upotevu ndani ya UPS. Google hutangaza wastani wa karibu 1.1 kwa vituo vyake vikubwa. Tafiti za kila mwaka za Uptime Institute zimekuwa zikionyesha wastani wa kati ya 1.5 na 1.6 duniani. Chumba kidogo cha wilayani kikiwa na 1.9 hakijafanya kosa la ajabu, ila kina pesa ya kuokoa.

Utahitaji namba mbili. Ya kwanza ni umeme wote wa chumba. Mara nyingi chumba cha seva hakina LUKU yake, kinachangia mita na jengo zima. Mwite fundi umeme afunge mita ndogo kwenye laini inayolisha chumba hicho, na viyoyozi vyake viwemo. Angalia kitu kimoja ambacho mafundi hukisahau: mita hiyo ikae baada ya chenjiova (swichi inayobadili kati ya TANESCO na jenereta), upande wa chumba. Ikikaa kabla, saa zote za jenereta hazitahesabika, na PUE yako itapendeza kwa sababu ya umeme ambao hukuuona. Namba ya pili ni umeme unaotoka kwenye UPS kwenda kwenye raki. UPS nyingi huuonyesha kwenye kioo chake kwa kilowati. Kama haionyeshi, fundi apime kwa mita ya klampu asubuhi, mchana na usiku, au afunge mita nyingine ndogo.

Soma mita leo saa 3 asubuhi, soma tena siku kama ya leo wiki ijayo saa ile ile. Zimepita saa 168.

Tuseme raki zako zinakula kilowati 2.5 bila kupanda wala kushuka. Kwa wiki ni uniti 420. Mita ya chumba inasema uniti 798. Gawanya: 1.9. Uniti 378 hazikufika kwenye seva. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya TANESCO, ambayo pamoja na kodi na tozo huifanya shilingi 1,000 inunue kama uniti 2.8, uniti moja ni karibu shilingi 356. Kwa hiyo kila wiki shilingi 134,500 hivi zinakwenda kupoza, kuwasha taa na kupasha moto UPS. Ukiishusha PUE hadi 1.5 kwa mzigo ule ule, matumizi yanakuwa uniti 630, na unaokoa karibu shilingi 59,800 kwa wiki, zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Namba hiyo iandike kwa wino mzito. Mkurugenzi hana haja na PUE, ila shilingi milioni 3 anazielewa bila mkalimani.

Sasa mtego. Tuseme umezima ile seva isiyojulikana ya hatua ya 1 na nyingine mbili kama hiyo. Raki zimeshuka hadi kilowati 2, yaani uniti 336 kwa wiki. Viyoyozi havikushuka kwa kiwango hicho. Tuseme pamoja na mengineyo sasa vinakula 340. Jumla ni 676. Gawanya: 2.01. PUE imeharibika, huku bili ikipungua kwa uniti 122 kila wiki. Aliyepewa bonasi kwa kushusha PUE angeziwasha seva zote tena. Kwa hiyo kwenye ripoti weka namba zote mbili, uwiano na jumla ya uniti, na usiruhusu mtu kunukuu moja peke yake.

Ukikagua kampuni kubwa, huna ruhusa ya kufunga mita kwao. Badala yake, wakikutajia PUE waulize imepimwa wapi, kwa mzigo gani, mwezi gani, na kama ni wastani wa mwaka au ni ya kwenye michoro. Jengo lililosanifiwa kufikia 1.3 likijaa, linaweza kuwa 2 na zaidi likiwa limejaa robo tu, na majengo mapya mara nyingi huanza hivyo. Uliza pia kuhusu chanzo cha umeme, maana PUE haina habari kama umeme umetoka kwenye dizeli au kwenye mvuke wa ardhini. Ndiyo maana Microsoft na G42 walipotangaza Mei 2024 mradi wa dola bilioni 1 nchini Kenya, waliutaja pamoja na joto la ardhini la Olkaria.

Hatua ya 3: Joto na kinachoelea hewani

Kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto. Raki za kilowati 2.5 ni hita ya kilowati 2.5. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa joto la karibu kilowati 3.5, cha BTU 24,000 huondoa karibu 7. Sasa ingia chumbani uhesabu. Mara nyingi utakuta viwili vya 24,000, vyote vimewekwa nyuzi 16, vyote vinaunguruma, na mtu wa TEHAMA amevaa koti. Hapo ndipo uniti zako 378 zilipo.

ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji ambacho watengenezaji wa seva hukifuata, kimependekeza tangu 2008 hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Inayoingia, usisahau neno hilo. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani karibu na mlango hakikuambii kitu. Kibandike mbele ya raki, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu kabisa. Kama chini ni 20 na juu ni 31, tatizo lako si nguvu ya kiyoyozi. Hewa ya moto ya nyuma inazunguka kurudi mbele. Ziba nafasi tupu za raki kwa vibao, hata vya plastiki. Geuza raki ili migongo itazamane na nyuso zitazamane, kisha panga kiyoyozi kipulize upande wa nyuso. Ukimaliza, pandisha kiyoyozi digrii moja kila wiki mpaka mbele ya raki pasome 24 au 25. Kiyoyozi cha pili kiweke akiba, vipokezane kila wiki, kusudi siku kimoja kikifa ujue kingine kizima.

Tazama pia kiyoyozi kimefungwa wapi. Kikiwa juu ya raki, bomba lake la maji likiziba kwa vumbi, maji yatadondokea kwenye seva. Hiki ni kitu cha kukihamisha kesho asubuhi, hata kabla ripoti haijaandikwa.

Usiku wa Busega una hewa nzuri, na kuna watakaokushauri ufungue dirisha ufunge feni, uachane na kiyoyozi saa za usiku. Kwenye karatasi wana haki; vituo vingi vya Ulaya Kaskazini hupozwa kwa hewa ya nje. Ila wa huko hawana vumbi la kiangazi la Usukumani, hawana nyuzi za pamba zinazopeperuka msimu wa ununuzi, na hawakai kando ya Ghuba ya Speke. Mkazi yeyote wa ukanda wa ziwa anawajua wale vijidudu wanaopanda juu ya maji kama nguzo ya moshi, kisha usiku wanafuata taa. Chukua tochi, fungua kichujio cha feni ya seva iliyo karibu na dirisha: utakuta tabaka la kijivu, ukilivuta linatoka zima kama kipande cha blanketi, na ndani yake mabawa. Kama huwezi kuweka vichujio na mtu wa kuvibadilisha, dirisha libaki limefungwa na kuzibwa pembeni.

Wala usidhani joto huwaangusha wadogo tu. Tarehe 19 Julai 2022, London ilipofika nyuzi 40, vituo vya Google na Oracle jijini humo vilizidiwa upoozaji na huduma zikazimika. Uliza kitengo cha nje cha kiyoyozi chako kinapigwa na jua la saa 9 alasiri au kipo kivulini.

Hatua ya 4: Kata umeme

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha hesabu ya uzalishaji nchini. Kukatika bado kupo. Kwa mtu wa Mwamanyili mara nyingi chanzo ni nguzo iliyolala, tawi lililogusa waya, transfoma iliyozidiwa. Na mara chache ni gridi yenyewe, kama tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ilipoacha sehemu kubwa ya nchi gizani.

Kabla ya jaribio, rekodi volti kwa wiki ile ile unayopima uniti. Umeme unatakiwa uwe kwenye 230. Ukiona jioni kati ya saa 1 na saa 4 unashuka sana, umepata sababu ya UPS kulia kila jioni: inakimbilia betri kufidia umeme mdogo, na kila ikifanya hivyo inachosha betri. Siku ya kukatika kweli, betri zimeshakwisha nguvu. Stabilaiza nzuri mbele ya UPS itasaidia zaidi kuliko kununua betri mpya kila mwaka.

Soma tarehe zilizoandikwa kwenye betri. Betri za kawaida za UPS, zile za risasi zilizofungwa, huishi miaka 3 hadi 5 zikiwa kwenye nyuzi 20 hadi 25; kila joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi, umri unakaribia nusu. Betri zilizowekwa stoo bila kiyoyozi hazina miaka 5 hata ufanyeje. Iliyovimba ubavuni iondolewe siku hiyo hiyo.

Jenereta, kabla ya kuiangalia, anza na mlinzi. Msalimie ipasavyo; ukiwahi asubuhi, "mwangaluka" ya Kisukuma haigharimu kitu na hufungua mazungumzo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Hii jenereta mara ya mwisho imewaka lini?"

"Si siku ile wageni wa mkoa walipokuja? Tena tuliisukuma kwa betri ya gari la bosi."

Sentensi hiyo moja imekuambia mengi kuliko daftari la matengenezo ambalo lina saini za kila Ijumaa kwa kalamu ile ile.

Kisha soma kibandiko chake. Uwezo wa jenereta huandikwa kwa hewa ya nyuzi 25 na kwa shinikizo la karibu na usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na vijiji vya Busega viko juu zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo hupoteza sehemu ya nguvu zake, na mchana wa joto hupoteza nyingine. Kitabu cha mtengenezaji kina jedwali la kupunguza, litumie. Kosa la upande wa pili ndilo nililoliona mara nyingi zaidi: jenereta kubwa mno, inayoendeshwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wake miaka nenda rudi. Dizeli haiungui yote, masizi na mafuta yanajaa kwenye bomba la moshi, na siku ya mzigo mkubwa inakohoa.

Matumizi ya mafuta usiyasome kwenye kipeperushi. Jaza tangi mpaka juu, endesha saa mbili na mzigo wako wa kawaida, jaza tena kwa galoni yenye alama. Kama imekunywa lita 6, ni lita 3 kwa saa, na pipa la lita 200 litakupeleka kama saa 66. Sasa uliza barabara ikikatwa na mvua, mafuta mengine yatafika baada ya siku ngapi. Dizeli iliyokaa mwaka mzima kwenye pipa lenye maji chini usiihesabu.

Siku ya jaribio, pata ruhusa kwa maandishi, hakikisha nakala za data zimechukuliwa, waarifu watumiaji, chagua saa ambayo kazi imepungua. Halafu zima swichi kuu kwa mkono wako. Simama na saa. Seva hazitakiwi hata kupepesa. Jenereta yenye mfumo wa kujiwasha inatakiwa ichukue mzigo ndani ya nusu dakika hivi. Ya kuwashwa kwa mkono, hesabu dakika za mlinzi kuamka, kutafuta ufunguo, kuvuta chenjiova. Dakika hizo, mara mbili, ndizo dakika za chini kabisa ambazo betri lazima zimudu. Je, viyoyozi vimerudi vyenyewe, au vinasubiri mtu abonyeze rimoti? Chumba kidogo chenye raki zilizojaa kinaweza kupanda nyuzi nyingi ndani ya robo saa. Acha jenereta ibebe mzigo saa nzima angalau. Kisha rudisha umeme na uendelee kusimama hapo hapo, maana umeme wa TANESCO mara nyingi hurudi, hukatika, hurudi tena. Mfumo mzuri husubiri dakika kadhaa kabla ya kuuamini.

Mwenye chumba akikukatalia jaribio kwa kuogopa kwamba huenda vitu havitawaka tena, umeshapata jibu. Liandike kama alivyolisema.

Hatua ya 5: Radi na ethi

Maziwa Makuu ni eneo la radi kali. Orodha iliyotokana na satelaiti za NASA, iliyochapishwa mwaka 2016, iliweka Kabare mashariki mwa Kongo kuwa ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Ukanda wa Ziwa Victoria nao unajulikana kwa ngurumo za usiku. Radi haihitaji kupiga jengo lako. Ikipiga laini ya umeme kilomita moja kutoka hapo, inakufuata kwa waya.

Fundi apime ethi kwa kifaa chake, si kwa macho. Kwa vyumba vya seva wengi hulenga chini ya ohm 5. Jambo ambalo ripoti nyingi halina ni mwezi wa kupima. Ethi iliyopimwa Aprili udongo ukiwa umelowa hudanganya. Pima Agosti au Septemba, ardhi ya Simiyu ikiwa imepasuka. Angalia pia vizuizi vya mshtuko wa umeme kwenye bodi: vina kidirisha kidogo, kijani ni kizima, chekundu kimeshajitoa mhanga na hakilindi chochote. Na mnara wa redio au antena juu ya paa iungwe kwenye ethi ile ile ya jengo, isiwe na yake peke yake.

Hatua ya 6: Njia ya kutoka

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Seva za Dar zilikuwa zinawaka, umeme upo, viyoyozi vinapuliza; waliotegemea huduma za nje ya nchi walikwama. Kwa hiyo omba ramani. Kampuni mbili za faiba zinazopita mtaro mmoja kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma ni njia moja yenye bili mbili. Katapila moja linazikata zote. Njia ya pili iwe ya redio, au ipite upande mwingine wa jengo na upande mwingine wa barabara. Ijaribu nayo kwa mkono: chomoa ya kwanza, hesabu dakika.

Hatua ya 7: Vyeti, na watu

Kampuni kubwa zitakuonyesha cheti cha "Tier". Uptime Institute ina ngazi nne. Kwa hesabu iliyozoeleka sokoni, ya kwanza huvumilia kuzimika kama saa 28.8 kwa mwaka, ya pili saa 22, ya tatu saa 1.6, ya nne kama dakika 26. Ngazi ya tatu maana yake ni kwamba kifaa chochote cha umeme au upoozaji kinaweza kuzimwa kwa matengenezo bila seva kuzimika. Usiishie kwenye namba. Kuna cheti cha michoro, kuna cha jengo lililojengwa, kuna cha uendeshaji. Cha michoro kinathibitisha karatasi, nacho kina muda wa kuisha. Uptime ina orodha ya wazi mtandaoni. Tafuta jina humo mbele ya muuzaji, umwone uso wake.

Chumba kidogo kama cha Mwamanyili hakihitaji cheti. Kinahitaji namba za simu za watu wawili wanaoishi karibu, waliowahi kuwasha jenereta usiku wenyewe, na ufunguo ambao haujasafiri na mtu kwenda semina Dodoma. Omba daftari la hitilafu za mwaka mmoja. Lisipokuwepo, kaa na wahudumu wa dirisha la dawa. Wao wanazikumbuka tarehe zote.

Hatua ya 8: Rudisha faili moja

Septemba 26, 2025, moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ilipotea, kwa kuwa haikuwa na nakala kwingine. Nchi ile haina shida ya umeme wala ya pesa.

Chagua faili la mwezi uliopita bila kumwambia mtu mapema. Mwambie ofisa alirudishe kutoka kwenye nakala ya akiba, kwenye mashine nyingine, ukiwa umekaa. Andika limechukua muda gani na nakala ilikuwa imehifadhiwa wapi. Ikiwa ipo kwenye diski iliyolala juu ya raki ile ile, andika kwamba nakala haipo.

Hatua ya 9: Ripoti ya kurasa mbili

Ukurasa wa kwanza: PUE, uniti kwa wiki, shilingi kwa mwaka, dakika za betri, saa za mafuta, ohm za ethi, tarehe ya kila kipimo na jina la aliyepima. Ukurasa wa pili: yale yasiyogharimu kitu yatangulie. Kupandisha kiyoyozi hadi mbele ya raki pasome 24 au 25, kuzima seva zisizo na kazi, kuziba raki, kuwasha jenereta yenye mzigo kila mwezi, kuhamisha nakala nje ya jengo. Kisha yanayogharimu kidogo: mita ndogo, vizuizi vya mshtuko, stabilaiza, betri. Jenereta mpya, sola na faiba ya pili ziwe mwisho, na kila moja ionyeshe inalinda mfumo upi kwenye orodha ya hatua ya 1. Sola itapunguza dizeli, maana Simiyu ina jua la kutosha, ila haitaigusa PUE, kwa hiyo muuzaji wa sola anayekuahidi PUE nzuri mshukuru kwa chai uende zako.

Nakala moja ya ukurasa wa kwanza bandika ndani ya mlango wa chumba cha seva. Mita ndogo usiiondoe, na tarehe ya kipimo kinachofuata iandike Septemba, ardhi ikiwa kavu.